Juisi Haina Mkono

Kibiti,
9 Januari 2025

Kwa mwanangu Miraji,

Assalaam alaykum. Ukinijibu kwamba wewe, Rukaiya mkeo na wajukuu zangu mko wazima, chakula kitanipita kooni. Huku hatujambo kwa rehema za Mungu. Mdogo wako Dulla kapanda mpunga wake kule Mtunda na sasa anagombana na nguruwe. Miguu yangu ni ile ile, inalalamika kuliko mimi mwenyewe.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu ya nyumba hii ni ya Dulla, na Dulla akisikia jambo moja, mtaa mzima umesikia. Barua haina masikio. Na mwandiko wangu usiucheke. Unajua mimi ni mashoto, na maalimu wa chuoni alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa mpaka nikajua kuandika kwa wa kulia. Kazi zangu nyingine zote nafanya kwa ule uliofungwa.

Sasa lililonikalisha chini. Yule Mama Elinipendo ninayemfanyia kazi, nesi mstaafu, Mpare mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, mwaka jana aliweka kaunta za mawe. Jikoni marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, bafuni jiwe jeusi la chenga chenga. Mwezi wa kumi na mbili mjukuu wake akapata kipaimara, na shughuli ikafanyika hapo hapo. Wanawake wa mtaa tulikuja kusaidia kupika, Waislamu na Wakristo. Kesho yake kaunta ya jikoni ikaonekana imepauka. Si uchafu, maana haufutiki. Ukiinama ukaitazama kwa upande wa dirisha, mng'ao wote umekufa.

Inasemekana ni juisi ya ukwaju. Mpishi wetu Petronila, yule mjane wa kutoka Songea mwenye watoto wawili, alikuwa ameweka jagi lake juu ya jiwe. Mama Elinipendo alimsema mbele ya wanawake wote, akamwita mchafu, akamwachisha kazi siku ile ile. Jiko nikaachiwa mimi.

Mama anajua nina mtoto fundi wa mawe Dodoma. Kaniagiza nikuulize kama doa hilo linatoka, na mawe haya tuyatunzeje. Nijibu upesi, maana kila akiingia jikoni ananitazama mimi.

Shangazi yako,
Sihaba binti Mwinyimvua


Dodoma,
25 Januari 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya karafuu za kabati lako, Rukaiya akainusa kabla hajanipa. Anakusalimu sana. Watoto wazima, mdogo kaota meno mawili na anamng'ata kila mtu. Mimi nipo. Kikohozi tu hakitaki kuniacha, ni vumbi la huku.

Nikueleze mawe. Marumaru ina asili ya chokaa, kwa hiyo kitu kichachu kinaila: ndimu, ukwaju, siki, nyanya, hata embe bichi. Hakiachi rangi, kinabandua ngozi ya juu yenye mng'ao, ndiyo maana mnafuta na hakuna kinachofutika. Lile jeusi la bafuni nadhani ni graniti. Hilo ni gumu, halijali sana ndimu, lakini msilimwagie dawa kali za chooni.

Yote mawili yanataka maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya kuoshea vyombo na kitambaa laini. Kisha mkaushe kwa kitambaa kingine, msiache maji yajikaushe, kwa sababu maji ya visima vya kwetu yana chumvi na yataacha ukungu mweupe, hasa bafuni kuzunguka bomba. Sufuria ya moto iwekewe kitu chini. Mafuta yakizama kwenye jiwe, koroga soda ya kupikia maandazi na maji mpaka iwe uji mzito, bandika juu ya doa, funika kwa mfuko wa nailoni, ubandue kesho yake. Na mara moja moja dondosha tone la maji juu ya jiwe usubiri kidogo. Likikaa juu kama lilivyo, sawa. Likinywewa na jiwe likafanya weusi, dawa ya kuziba matundu imekwisha na ipakwe nyingine.

Waya wa kusugulia sufuria na majivu, shangazi, viache kwa masinia yako. Masinia yale ya shaba ndiyo niliyoonea uso wangu kabla sijamiliki kioo, lakini jiwe si shaba.

Doa lenyewe nataka nilione. Picha za simu zinadanganya kwa mng'ao. Chukua karatasi nyembamba ya kufungia, ilaze juu ya kaunta, fuata ukingo wa doa kwa penseli. Palipopauka piga mistari kufuata mkwaruzo ulivyo. Panapong'aa andika kwamba panang'aa, na utie alama sinki lilipo na mtu anaposimama. Nikiona nitajua tiba, na inshallah nitakuja mwenyewe kulitibu kabla ya Ramadhani.

Mtoto wako,
Miraji


Kibiti,
10 Februari 2025

Mwanangu Miraji,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Meno ya mjukuu yapewe mfupa wa kuku ayatulize. Dulla kashinda nguruwe wawili, kashindwa na wa tatu. Nilikwenda Umwe kumzika mama yake Huseni yule muuza mikeka, Mungu amrehemu, na kila mtu aliniuliza habari zako. Nikajibu kwamba unajenga serikali nzima kwa mawe.

Karatasi ndiyo hiyo ndani, imekunjwa mara nne. Nimechora kama ulivyosema, wala sikuongeza wala sikupunguza. Lile duara la katikati nililoandika "hapa pazuri" ndipo jagi la Petronila lilipokaa. Mama Elinipendo anasema juisi ilifurika ikazunguka jagi pande zote, ndiyo maana chini yake pamesalimika. Na mimi sina la kusema, yeye ndiye mwenye nyumba.

Maji ya vuguvugu na sabuni tunatumia sasa. Bafuni nimekausha mpaka bomba linanionyesha sura yangu, na kwa umri wangu sikuifurahia.

Petronila nimemwona juzi. Anakaanga samaki pembeni ya stendi, chini ya turubai. Nilitaka kupita njia ya nyuma, akaniwahi kwa salamu: "Shikamoo shangazi Sihaba!" Basi nikaitikia. Wanawake wawili waliokuwa mbele yangu walisita kununua. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Si ndiye yule mchafu aliyefukuzwa?" Petronila alisikia. Akageuza samaki wake.

Sijui kwa nini nakuandikia hayo. Niambie doa linatibiwaje, na unakuja lini. Barua yako hii imekuwa fupi kuliko zile za zamani. Au Dodoma karatasi zimepanda bei?

Shangazi yako,
Sihaba


Dodoma,
22 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo sana. Pole kwa msiba wa Umwe. Mama yake Huseni alinipa ubuyu nilipokuwa mdogo, nimemwombea dua. Hapa sote tupo. Rukaiya kaanza kuuza sambusa na watoto ndio wateja wake wa kwanza wasiolipa.

Karatasi yako niliitandika sakafuni, nikakaa nayo mchana mzima. Umechora vizuri kuliko mafundi wangu. Sasa nisikilize kwa upole, maana naongea mambo ya jiwe tu.

Juisi ikifurika kutoka kwenye jagi, hupenya chini ya kitako cha jagi. Ungekuta pete iliyopauka. Hapa chini ya jagi pote pazima mpaka ukingoni, kwa hiyo chini hapakulowa. Tena juisi hufuata mteremko. Kaunta zote tunazilaza kidogo kuelekea sinki, basi ingeteremkia sinki na kuacha michirizi. Hili doa lako linapanda. Linakwenda kwa mapinde, pinde juu ya pinde, yote yanaishia umbali mmoja kutoka mtu aliposimama, umbali wa urefu wa mkono. Likafika kwenye jagi, likalizunguka, likaendelea upande wa pili.

Juisi haina mkono, shangazi.

Aliyefanya hivi hakumwaga kitu. Alikuwa anasafisha. Alisugua kwa ndimu, na kwa mikwaruzo hii midogo, alifuatia na majivu. Jagi lilikuwa limejaa na zito, hakulisogeza. Alifanya kwa moyo safi, kwa namna ambayo kwetu kila mwanamke anayejua kazi angefanya kabla ya shughuli. Jiwe tu ndilo asilolijua.

Sisemi zaidi. Nimekumbuka tu siku ile niliyovunja bakuli la maua la bibi, nikanyamaza, na Dulla akachapwa. Ulipojua hukunipiga. Ulikusanya vipande ukaniwekea mikononi, ukasema nivishike mpaka mdomo wangu ufunguke. Nilivishika tangu asubuhi hadi alasiri. Sijawahi kushika kitu kizito kama vile, na mimi sasa nabeba mawe.

Ramadhani inaingia. Sitaweza kuja kama nilivyoahidi, kuna mambo hapa. Nisamehe.

Mtoto wako,
Miraji


Kibiti,
8 Machi 2025

Miraji,

Salamu. Sote wazima. Mvua inanyesha.

Nilikuuliza dawa ya doa. Sikukuuliza nani kasimama wapi, nani ana mkono wa urefu gani. Siku hizi mafundi wa Dodoma mnapiga ramli? Nimekulea tangu una miaka minne, baba yako alipofariki, nikakupakata homa ikikuchoma, leo unanikumbusha bakuli! Na hilo bakuli lenyewe lilikuwa na ufa tangu zamani.

Mama Elinipendo keshaamua mambo yake. Mimi ni mtu wa kazi. Niende nikamfundishe mwenye nyumba nini kimetokea kwake? Petronila ana mikono, anakaanga, anauza, hafi njaa. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, ndivyo walivyosema, nawe uliyeko mbali unauona mwepesi huu wangu.

Kama huji, usije. Nimefunga, sitaki kuendelea kusema.

Sihaba


Kibiti,
24 Aprili 2025

Mwanangu Miraji,

Assalaam alaykum. Nimeandika mwezi wa tatu, Idi imepita, na kwako kimya. Nikamwomba Dulla akupigie, akasema simu ameipokea Rukaiya, kasema umelala. Kapiga tena, umelala. Saa nne asubuhi, Miraji? Wewe uliyekuwa unaamka kabla ya jogoo? Kama umenuna kwa barua yangu ile, una haki, na ninakuomba radhi. Kama ni kitu kingine, niambie.

Utaona mwandiko huu si ule. Herufi zinaanguka kama walevi. Barua hii naiandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ndio uliofanya kazi ile, basi acha ukiri wenyewe.

Ni mimi.

Haya, nimeandika, na kalamu haikuvunjika. Asubuhi ya shughuli Petronila aliweka jagi lake la ukwaju juu ya kaunta, akaenda sokoni kutafuta nazi. Nikaiona ile kaunta ina alama za vikombe, nikasema wageni wa kipaimara waje waone jiko limefubaa na mimi Sihaba nimo? Nikakata ndimu saba. Nikasugua, nikamwaga majivu yaliyochekechwa, nikasugua tena, nikaiacha inywe wakati nikitandika mikeka. Niliporudi kusuuza, jiwe lilikuwa limekufa mikononi mwangu. Nikapanga masinia juu yake, nikasema labda litapona likikauka. Kesho yake Mama Elinipendo akayaondoa masinia.

Alipomsema Petronila, mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika kitambaa. Ningesema neno moja. Mdomo ukafunga. Wajua kwa nini? Miaka arobaini hakuna arusi wala maulidi, Kibiti hata Mtunda, bila kuniita mimi kusugua masinia. Wanawake wakitaka kusifia kitu wanasema kimetakata kama sinia la Sihaba. Sina mali, sina mtoto wa tumboni mwangu, nina jina hilo tu. Nikaona aibu kusema kwamba mimi ndiye niliyeharibu jiwe la watu, tena kwa kulisafisha.

Basi nikalilinda jina langu kwa jina la mwenzangu.

Nilipokuandikia ile barua ya hasira nilidhani nimemaliza. Kumi la mwisho la mwezi mtukufu, karibu na magharibi, nasikia hodi. Petronila, na bakuli la mihogo ya nazi na samaki wawili juu. Ananiambia, "Shangazi, nimesikia miguu inakusumbua na umefunga, nikaona usisimame jikoni leo." Mkristo yule, aliyeitwa mchafu mbele ya macho yangu, ananiletea futari! Nilipokea. Adhana ikalia, nikatia tende mdomoni. Nililia Miraji, nililia mpaka Dulla akadhani kuna msiba.

Nimekwambia wewe. Mwenye jiwe bado, na Petronila bado. Mara mbili nimefika pale stendi nikaishia kununua samaki. Vipande vyako vimo mikononi mwangu na ni kweli vizito. Nijibu. Nijibu hata kwa kunitukana.

Shangazi yako mkosaji,
Sihaba


Dodoma,
9 Mei 2025

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Sikununa, Wallahi. Mkono wako wa kushoto nimeusoma mara tatu, mwandiko wake ni mbaya na maneno yake ndiyo mazuri kuliko yote uliyowahi kuniandikia. Rukaiya alinisomea mara ya kwanza, mimi nikiwa kitandani.

Nawe umenisema kweli, hivyo sina budi. Nilikuandikia kikohozi cha vumbi. Ni vumbi kweli, ila liko ndani. Miaka kumi na miwili nimekata na kusugua mawe makavu kwa mashine, bila kufunika pua, kwa kuwa kumwagia maji kunachelewesha kazi na tajiri anataka kaunta kesho. Daktari kaniwekea picha ya kifua ukutani, kasema vumbi la jiwe likikaa kwenye mapafu halitoki. Mwezi wa tatu wote nililazwa. Nikipanda ngazi tatu napumzika. Kazi ya mashine nimekatazwa maisha. Sikutaka ujue, kwa kuwa ulijisifu huko Umwe kwamba najenga serikali nzima, nikaona nisikuvunjie sifa. Kumbe sote wawili tulikuwa tunasugua majina yetu.

Kwa hiyo siwezi kuja kulitibu jiwe. Utalitibu wewe. Lakini neno kwanza, shangazi, jiwe baadaye. Ukiling'arisha kabla hujasema, utakuwa umefuta ushahidi wa Petronila.

Ukishasema, fanya hivi. Nakutumia msasa wa maji wa namba nne tofauti: mia nne, mia nane, elfu moja na mia tano, na elfu tatu. Namba ikipanda, msasa unalainika. Nimetia pia kopo la unga mweupe wa kung'arishia. Lowesha jiwe, lowesha msasa, ufunge kwenye kipande cha mbao, usugue kwa mduara bila kukandamiza. Suuza kila ukibadili namba, maana chembe moja ya msasa wa kwanza ikibaki itachora. Mwisho unga, kwa kitambaa kilicholowa. Halafu kausha, upake dawa ya kuziba, na ndimu zisilale hapo tena milele.

Usisugue kavu. Hata dakika moja. Ukiona ule uji mweupe unaotoka kwenye jiwe ukikauka, ongeza maji. Weka ndoo karibu, funga mtandio puani, fungua dirisha. Nakuomba kwa jina la baba yangu, usisugue kavu.

Mtoto wako,
Miraji


Kibiti,
22 Juni 2025

Mwanangu Miraji, pumzi yangu,

Wa alaykum salaam. Barua yako, kazi yote ilipokwisha, nilimpa Dulla aisome kwa sauti, kwa mara ya kwanza nataka mtaa mzima usikie na wakuombee. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe mwanangu hukujua methali hiyo? Mpunga umevunwa, nguruwe wametuachia magunia ya kututosha. Kesi yako nakuja nayo mwisho. Kwanza pokea taarifa.

Nilianza kwa Petronila. Safari hii sikununua samaki. Nilisimama mbele ya karai lake nikasema lote, ndimu saba, majivu, masinia. Alisikiliza huku anageuza. Nilitegemea alie au anitukane. Akasema, "Nilijua." Nikauliza, ulijua vipi? "Niliporudi na nazi, maganda ya ndimu yalikuwa kwenye ndoo ya taka. Nikangoja useme." Miezi mitano, Miraji! Alikuwa ananiamkia kila siku akingoja. Hata ile futari aliileta akingoja.

Nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Msamaha wa hapa stendi sitaki. Kasemee pale pale niliposemewa mimi, na mbele ya wale wale."

Nikamwendea Mama Elinipendo. Alivua miwani, akainama akaitazama ile kaunta kwa muda, kama mara ya kwanza. Nikangoja anifukuze. Akasema, "Jiwe nilinunua, Sihaba, naweza kununua jingine. Lakini mimi nimemwita mtu mchafu na hakuwa mchafu." Akavaa miwani yake, akaenda mwenyewe kwa miguu mpaka stendi. Walichosema wawili wale sikijui, wala sikuuliza.

Siku ya nne ya Idi Kubwa tukawaita wanawake wote wa ile shughuli, kumi na moja, jikoni pale pale. Nilisimama nimeshika kitambaa, kama siku ile. Nikawaambia, "Mliambiwa Petronila mchafu. Aliyeharibu jiwe hili ni mimi, kwa mkono huu, na nikanyamaza." Nikaunyanyua mkono wangu wa kushoto waone wote. Hakuna aliyecheka. Mama Elinipendo naye akasema lake, akamwomba radhi Petronila kwa jina lake lote na la baba yake. Mwanamke mmoja, yule yule aliyenong'ona kwenye samaki, akaanza kujifuta macho kwa ncha ya khanga. Nilidhani siku hiyo jina langu litakufa. Keshokutwa yake wamekuja kuniita, kuna arusi, masinia yanangoja. Yaani watu hawa!

Petronila karudi jikoni kwa masharti. Mpishi ni yeye, na ndimu ninaomba kwake.

Jiwe tulilisugua sote wawili, siku tatu. Yeye ana nguvu, mimi nina subira. Maji tulimwaga mpaka sakafu ikawa bwawa, Mama Elinipendo akalalamika tukamwambia amri imetoka Dodoma. Kila nikiona uji unakaribia kukauka nilikuwa nakiona kifua chako, namwaga kata nyingine. Petronila akaniuliza kwa nini nalia wakati kazi inakwenda vizuri. Nikamweleza. Tangu hapo yeye ndiye akawa anamwaga maji kabla sijasema.

Limepona, Miraji. Si kama la dukani, lakini dirisha linaonekana ndani yake. Lile duara la jagi ndilo linang'aa zaidi kidogo kuliko kwingine, ukiinama utaliona. Mama Elinipendo alitaka kuita fundi wa Dar alisawazishe. Petronila akakataa. Kila siku anaweka jagi lake la ukwaju palepale, juu ya kisahani, na mimi nikipita nafuta kuzunguka. Sasa nalinyanyua kwanza.

Kesi yako ni fupi. Chumba cha baba yako nimekipaka chokaa. Hapa hakuna ngazi hata moja, hewa ya bonde ni nzito na ina maji. Wewe, mkeo na wajukuu zangu mpande basi kabla mwezi huu haujaisha. Sitaki uje na mashine, sitaki uje na sifa. Ulinishikisha vipande nami nimevitua. Njoo utue vyako, mwanangu, nitakupokea mlangoni kwa mikono yote miwili.

Shangazi yako,
Sihaba